Mashine za Kunakili na Kuchapa Diski: Tathmini ya Mwenye Studio Ndogo Mwanza

Tathmini hii inahusu mashine mbili ambazo studio yetu ndogo ya kurekodi na kuhariri video, iliyopo jirani na Makoroboi jijini Mwanza, imezitumia kwa kazi za kila siku. Ya kwanza ni mnara wa kunakili wenye draivu moja ya kusoma na saba za kuandika. Ya pili ni mashine ya mezani yenye mkono wa roboti, ambayo wauzaji huinadi kuwa inanakili na kuchapa diski bila kuhitaji mtu wa kuisimamia. Sitaitaja mashine hiyo ya pili kwa jina la kampuni, kwa sababu karibu kila ninalolalamikia nimelisikia pia kwa wenzangu wenye mashine za kampuni nyingine, na naamini tatizo limo katika wazo lenyewe la kuunganisha kazi mbili ndani ya sanduku moja. Mnara ninaupendekeza. Mashine ya roboti siipendekezi kwa biashara ndogo, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni juu yake.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu bado anahangaika na diski katika zama hizi za flashi na simu. Kwaya inaporekodi albamu ya video inataka kitu cha kushikika, chenye picha ya wanakwaya na jina la usharika, kitakachouzwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada na kunadiwa siku ya uzinduzi, ambapo nakala ya kwanza hununuliwa na mgeni rasmi kwa bei isiyo na uhusiano wowote na gharama yake. Vikundi vya ngoma vinavyoshindana katika sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa, mwezi Juni, huleta video za Bagika na Bagalu, zile pande mbili za jadi zinazoshindana katika ngoma za Wasukuma, wakitaka nakala za kuwapelekea ndugu walio Geita na Shinyanga. Familia zenye harusi bado huagiza nakala kwa ajili ya wazee, kwa kuwa mzee wa Ukerewe au Misungwi ana deki iliyounganishwa na televisheni yake tangu miaka hiyo na haoni sababu ya kuiondoa. Oda hizi ni za diski 30, 50 au 100, na mara chache 200. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa kompyuta yenye draivu moja, tena ni kidogo mno kwa kiwanda, kwani kazi ya kufyatua diski kwa kalibu huanza kuleta faida kuanzia nakala 500 au 1,000. Pengo hilo ndilo linalotuleta kwenye mashine za mezani.

Nianze na mnara, ambao hauna maneno mengi. Hauhitaji kompyuta wala programu: diski yenye kazi huwekwa kwenye draivu ya juu, diski tupu saba huwekwa chini yake, kitufe kinabonyezwa. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na ikiwa imejaa huchukua dakika nane hivi kuandikwa kwa kasi ya 8, yaani mara nane ya kasi ya msingi ya DVD. Ukijumlisha muda wa kutoa na kuweka, mzunguko mmoja wa diski saba ni kama dakika 10, kwa hiyo oda ya diski 100 hukamilika kwa mizunguko 15, yaani saa mbili na nusu. Ndani yake zimo draivu zilezile za kompyuta ya mezani, zilizofungwa kwa skrubu nne kila moja, na lenzi ya draivu inapochoka fundi yeyote wa kompyuta anaweza kuibadilisha pasipo kuagiza kitu Dar es Salaam, mradi ubao wa kuongozea mnara uikubali draivu anayoiweka. Upungufu wake ni joto na kelele. Wateja wa awali huulizia kasi ya 16 inayoonekana kwenye menyu, nasi huwajibu kwamba diski nyingi zinazouzwa hapa mjini, hata zile zilizoandikwa 16 kwenye kopo, hutoka salama zaidi zikiandikwa kwa 8, na deki za zamani huzisoma bila kukwamakwama.

Menyu ya mnara ina chaguo la kulinganisha nakala na diski ya asili baada ya kuandika. Chaguo hili karibu linazidisha muda mara mbili, na ndiyo maana watu wengi hawalitumii. Sisi hulitumia kwa mzunguko wa kwanza wa kila kopo jipya la diski tupu. Kopo likiwa bovu, ubovu huonekana hapo mapema, kabla diski hazijafika kwa mchungaji.

Suala la umeme linagusa mashine zote mbili. Diski ya kuandikwa mara moja haina nafasi ya pili: umeme ukikatika katikati ya kazi, diski zote saba zilizokuwa zikiandikwa zimekwenda. Ile kinga inayotajwa kwenye maboksi ya draivu, inayozuia diski kuharibika data inapochelewa kufika, haihusiani na umeme kuzimika, ingawa wauzaji huzungumza kana kwamba ni kitu kimoja. UPS ya kawaida ya ofisini, inayoweza kuuhimili mnara kwa dakika 10 tu, inatosha kumaliza mzunguko ulioanza, na gharama yake hurudi haraka. Kwa mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani, kabla ya kuchomeka chochote, geuza mnara utazame nyuma ya pawasaplai. Mara nyingi kuna kiswichi kidogo chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni volti 230, na kiswichi kikiachwa kwenye 115 pawasaplai huungua mara tu unapowasha.

Sasa mashine ya roboti. Ahadi yake inavutia: unapanga diski tupu kwenye upande mmoja, unafungua faili ya picha kwenye kompyuta, unaondoka, na asubuhi unakuta diski zimeandikwa, zimechapwa na zimepangwa upande wa pili. Aliyetuuzia alisema, "Kaka, wewe unalala, hiyo inafanya kazi." Kulala kwenyewe hakukwepeki, kwa sababu mashine ina draivu moja tu. DVD moja iliyojaa ikichukua dakika nane, diski 100 haziwezi kumalizika chini ya saa 13 hata kama uchapaji wenyewe usingechukua muda wowote, ilhali mnara unaouzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo humaliza uandishi kabla ya chakula cha mchana. Zipo mashine kubwa zaidi zenye draivu mbili au zaidi, lakini bei yake si ya duka la mtaani, na hesabu bado inazishinda.

Tungeweza kuvumilia mwendo huo kama mashine ingefanya kazi usiku kucha bila kusimama. Haifanyi hivyo. Diski tupu hukaa zimepangwa moja juu ya nyingine, na upande wa chini wa kila diski, kuzunguka tundu la katikati, una ukingo mwembamba ulioinuka, ambao kazi yake ni kuzitenganisha diski ili nyuso zisigusane. Kwenye diski za bei nafuu ukingo huo ni mfupi mno, hivyo uso mweupe wa diski ya chini hunata kwenye plastiki ya ile ya juu, hasa wakati wa masika, hewa ya ziwani inapokuwa nzito. Mkono huingiza vidole vyake katika tundu, huinua diski ya juu, na ya pili huinuka pamoja nayo. Kinachofuata hutegemea bahati. Pengine diski ya pili hudondoka mahali pake bila madhara. Pengine zote mbili hulazwa kwenye trei, trei hujaribu kufunga, hukwama, hufunguka, hujaribu tena, na taa nyekundu huanza kuwaka na kuzimika mpaka mtu afike. Diski hizo mbili huwa zimekwaruzika, na oda nzima huwa imesimama tangu saa hiyo, hata iwe saa nne usiku. Kitabu cha maelekezo kinashauri kuzipepeta diski kwa mkono kabla ya kuzipanga na kuweka chache kwa wakati mmoja. Ushauri huo ni sahihi na tunaufuata, lakini unamaanisha kwamba mtu wa kuisimamia anahitajika palepale.

Upande wa uchapaji ndio uliotutia hasara zaidi. Mashine yetu hutumia katriji moja yenye rangi tatu kwa pamoja, yaani samawati, zambarau nyekundu na njano, na haina wino mweusi wa peke yake. Weusi hutengenezwa kwa kuchanganya rangi hizo tatu. Maandishi meusi kwenye uso mweupe huonekana vizuri ukiyatazama kwa mbali, lakini picha za watu ni jambo jingine. Tuliwachapia kwaya moja jalada lenye mwimbaji wao mkuu mbele, amevaa joho la buluu, na mwalimu wa kwaya alipoishika diski ya kwanza aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirishani, kisha akauliza kwa upole, "Fundi, mama yetu huyu mbona amekuwa wa zambarau?" Alikuwa sahihi. Kwenye kivuli cha shavu na shingo, mahali ambapo ngozi nyeusi ina rangi ya kahawia iliyokolea, mchanganyiko wa wino ulikuwa umeelemea upande mmoja. Tulilazimika kuipunguzia picha rangi moja baada ya nyingine kwenye programu na kuchapa upya mpaka uso ukarudi kuwa uso, na kila jaribio lilikula diski na wino. Picha zinazowekwa kwenye matangazo ya mashine hizi ni za maua, milima na magari mekundu. Ngozi yetu haimo, na anayetaka kununua afadhali aende dukani na picha ya kwaya halisi kwenye flashi yake na adai ichapwe pale pale.

Katriji hiyo ya rangi tatu ina kero nyingine ambayo kila mwenye printa ya aina hii anaijua. Rangi moja ikiisha, katriji yote imeisha. Wateja wetu wanapenda anga, ziwa na majoho ya buluu, kwa hiyo samawati hutangulia kwisha huku njano ikiwa haijafika hata nusu, nasi tunatupa wino tulioulipia. Mashine huitambua katriji kwa chipu na hukataa iliyojazwa upya. Katriji mpya haipatikani madukani mwetu, iwe Mtaa wa Rwagasore au barabara ya Kenyatta. Huagizwa, na wakati ikisubiriwa mashine haichapi, na katika modeli yetu haikubali hata kunakili mpaka ujumbe wa wino uondolewe. Mtu aliyeweka kunakili na kuchapa katika sanduku moja ameyafungamanisha na matatizo yake pia.

Kuhusu kukauka, wino wa maji unaopulizwa kwenye diski hukauka kwa kufyonzwa na ule utando mweupe wa juu. Utando hafifu haufyonzi vya kutosha, kwa hiyo diski zikipangwa mara moja juu ya nyingine, kama mkono wa roboti unavyofanya, picha ya chini huacha alama kwenye upande wa kusomea wa diski ya juu. Hata baada ya kukauka, kidole chenye jasho au tone la maji huweza kuchafua jina la albamu. Zipo diski zenye utando unaong'aa na kustahimili maji, na tofauti yake inaonekana kwa macho, ila bei yake huifanya oda ya kwaya ya kijijini isilipe. Hapa Mwanza kuna adha ya ziada: jioni za msimu wao, wale wadudu wadogo hutoka ziwani kama moshi na kufuata taa, na diski iliyolazwa wazi ikiwa bado mbichi huwanasa. Tunafunga madirisha na kuzima taa zote isipokuwa ile ya mbali na meza.

Programu ya kuendeshea mashine ilikuja kwenye diski, jambo lenye kuchekesha kidogo, kwa kuwa kompyuta mpakato tuliyoinunua kwa ajili yake haikuwa na draivu ya kuisomea. Baada ya kuinakili kwenye flashi tuligundua kuwa imetengenezwa kwa matoleo ya zamani ya Windows. Kompyuta moja ya zamani imebaki mezani kwa ajili ya mashine hii tu. Haiunganishwi na intaneti na hakuna anayeruhusiwa kuibadilishia chochote. Anayenunua mashine iliyotumika ahakikishe kwamba kiendeshi chake, yaani programu ya kuiendeshea, kinafanya kazi kwenye kompyuta aliyonayo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu watengenezaji wanazidi kuipa kisogo biashara ya diski. Taiyo Yuden ya Japani, ambayo diski zake tupu zilisifika kwa ubora, iliacha kuzitengeneza mwaka 2015, na Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray mwezi Februari 2025. Hakuna atakayeandika kiendeshi kipya kwa ajili ya mashine ya mwaka 2009.

Njia nyingine za kuchapa nitazipitia kwa kifupi. Stika za karatasi zisitumike kwenye DVD kwa hali yoyote: DVD ni tabaka mbili nyembamba za plastiki zilizogundishwa, inazunguka kwa kasi kubwa, na stika iliyokaa pembeni kwa milimita moja inatosha kuiyumbisha, au kuipinda ikiachwa ndani ya gari lenye joto. Kwenye CD hatari ni nyingine, kwa kuwa tabaka la data liko chini kidogo tu ya uso wa juu, na anayejaribu kubandua stika huondoka na muziki. Printa za joto zenye utepe huchapa maandishi ya rangi moja yasiyofutika na zinafaa kwa shule na ofisi, lakini utepe wake haupatikani huku. Draivu za kuchora picha kwa leza, zilizoletwa na HP mwaka 2004, zinahitaji diski maalumu ambazo sasa ni adimu, ingawa bado utaona muuzaji wa vitu vilivyotumika akizitaja kana kwamba ni habari njema.

Mpangilio tunaoutumia sasa ni mnara kwa kunakili na printa ya kawaida yenye matangi ya wino na trei ya diski kwa kuchapa. Mfano unaofahamika sana Tanzania ni Epson L805, ambayo watengenezaji wa vitambulisho vya plastiki huitumia pia, na kwa sababu hiyo mafundi na chupa za wino wake hupatikana. Ina rangi sita, weusi ukiwa na tangi lake, na chupa moja huwa na mililita 70, kwa hiyo samawati ikiisha unaongeza samawati peke yake. Nyuso za watu hutoka kama zilivyo. Diski huwekwa moja moja kwa mkono, kazi inayochosha kwenye oda ya 100, lakini kijana mmoja anayeangalia printa huku mnara ukifanya kazi pembeni humaliza oda hiyo siku hiyohiyo, na diski huanikwa usiku kwenye vijiti kabla ya kuingizwa kwenye makasha. Katika kuandaa picha, diski ina kipenyo cha milimita 120, lakini si kila diski nyeupe ina weupe mpaka kwenye tundu. Nyingine huishia mbali na katikati, na wino ukipita hapo hubaki juu ya plastiki bila kukauka kamwe. Pima kopo ulilonunua kwa rula kabla ya kupanga jina la kwaya katikati.

Mnara hunakili chochote unachopewa isipokuwa diski iliyofungwa na mwenye kazi ili isinakiliwe, kwa hiyo jukumu la kuuliza kazi ni ya nani ni la mwenye duka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamgusa anayenakili sawasawa na anayeuza. Sisi humtaka kiongozi wa kwaya au mwenye harusi asaini karatasi ya oda. Aliyekuja na albamu ya msanii wa Dar es Salaam akitaka nakala 50 tunamrudisha kwa heshima.

Mashine ya roboti bado tunayo. Huchapa oda za diski chache zenye maandishi tu, kama mafunzo ya semina au kumbukumbu za vikao, ambako hakuna uso wa mtu wa kuharibu. Kwa bei tuliyoinunulia tungepata mnara, printa ya matangi, UPS na makopo kadhaa ya diski, na chenji ingebaki. Anayeanza leo, tena kwa mtaji mdogo, atafute mnara uliotumika wa nafasi saba, na asiridhike kuuona ukiwaka. Ajaze draivu zote saba, atumie DVD ya asili iliyojaa kabisa wala si yenye nyimbo mbili, achague kunakili na kulinganisha, kisha ajaribu kila nakala kwenye deki ya zamani. Draivu iliyochoka huonekana hapo, kwa sababu hukosea zaidi kwenye ukingo wa nje wa diski, ambako video fupi haifiki. Kunakili na kulinganisha huko huchukua kama dakika 20, na bei ya diski saba za kujaribia haifiki popote ukiilinganisha na bei ya mnara.